Utamaduni na Maisha ya Jamii: Tujifunze kwa Utani

Kabla hujaendelea kusoma, funga daftari lako, chukua karatasi na ujibu kwa sentensi moja: utamaduni ni nini? Liweke jibu lako pembeni. Tutalirudia.

Ninaposahihisha mitihani ya majaribio na ya utamilifu, jibu ninalokutana nalo mara nyingi ni hili: "Utamaduni ni ngoma, mavazi na vyakula vya asili." Jibu hilo si la uongo. Tatizo lake ni kwamba limeshika mkia likamwacha ng'ombe. Mtahiniwa aliyeanza hivyo akiulizwa namna utamaduni unavyoathiri maisha ya watu, hana pa kwenda. Ataandika kwamba ngoma huburudisha na mavazi husitiri mwili, kisha kalamu itakwama ukurasa ukiwa bado mweupe.

Maana ya utamaduni

Utamaduni ni jumla ya namna jamii fulani inavyoishi: lugha yake, imani zake, mila na desturi, sanaa, ujuzi wa kutafuta riziki, namna ya kuoa na kuolewa, kulea watoto, kusalimiana, kugombana, kupatana na kuzika wafu. Mwaka 1871 mtaalamu wa Kiingereza Edward Tylor alitoa fasili inayotajwa mpaka leo katika vyuo. Kiini chake ni kwamba utamaduni ni mambo ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii.

Shika hapo. Mambo ya utamaduni hatuzaliwi nayo, tunajifunza. Kuona njaa si utamaduni, kwa kuwa hata mbuzi huona njaa. Lakini kula ugali na si viazi, kunawa kwa zamu kuanzia kwa mkubwa, kumsubiri baba au kutomsubiri, huo ni utamaduni. Kuzaa mapacha ni jambo la maumbile. Kuwaita Kulwa na Doto ni utamaduni wa Wasukuma, na umeenea kiasi kwamba ukitambulishwa kwa mtu anayeitwa Doto, huhitaji kuambiwa kwamba alizaliwa na mwenzake. Jina moja limekupa habari ya familia nzima. Utamaduni hufanya kazi namna hiyo: unatufahamisha mambo bila kutuita darasani.

Yapo maneno matatu ambayo watahiniwa huyachanganya. Mila ni mambo ya asili ambayo jamii imeyarithi na kuyashikilia, mara nyingi yakiambatana na imani. Desturi ni mazoea ya kila siku ya kutenda jambo, kama vile mdogo kuamkia "shikamoo" na mkubwa kuitikia "marahaba". Miiko ni makatazo. Yote matatu yamo ndani ya utamaduni, hivyo usiandike "utamaduni, mila na desturi" kana kwamba ni vitu vitatu vilivyosimama sambamba. Sifa za utamaduni unazijua tayari: hufunzwa, huwa wa jamii na si wa mtu mmoja, hurithishwa, na hubadilika. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Sasa tuchukue kipengele kimoja na tukichimbe mpaka chini. Ni heri uujue utamaduni kwa mfano mmoja ulioelewa vizuri kuliko kwa mifano kumi ya kukariri. Mfano wetu ni utani.

Utani: mchezo wenye sheria

Utani ni uhusiano unaowaruhusu watu fulani kutaniana, kusemana na hata kuchukuliana vitu bila kukasirikiana. Upo utani wa ndani ya ukoo. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na mjukuu humwambia babu kwamba hamtaki kwa sababu hana meno. Binamu hutaniana, mashemeji hutaniana. Upo pia utani wa makabila: Wachaga na Wapare, Wahehe na Wangoni, Wanyamwezi na Wasukuma kwa Wazaramo. Mchaga akisema kuwa Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili agharimie kesi ya kuku, Mpare hucheka na kurudisha lake kuhusu Mchaga na fedha. Asiye mtani akisema hayo hayo, anatafuta ugomvi.

Ngoja nikusimulie jambo lililonifundisha utani kuliko kitabu chochote. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mnyamwezi aliyehamia Pwani ujanani na kuishi huko, jirani na Wazaramo, mpaka alipofariki. Nilikuwa kidato cha tatu. Siku ya maziko, bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka tangu jana yake, hali, hasemi. Ndipo akaingia mama mmoja wa Kizaramo, mtu mzima, amevaa koti la babu na kofia ya babu, ameshika bakora ya babu, anakohoa kikohozi cha babu. Akasimama katikati ya akina mama waliokuwa wakilia, akauliza kwa sauti nzito, "Chai yangu iko wapi? Nimekwenda kidogo tu huko, mmeshaigawa?"

Nilitetemeka kwa hasira. Niliona tumedharauliwa. Nikainuka nimvue lile koti, lakini shangazi akanishika mkono. "Kaa chini mwanangu. Huyo ni mtani wetu."

Bibi alimtazama yule mama kwa muda mrefu. Kisha akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na kile kicheko kikageuka kilio kikubwa ambacho alikuwa hajalia tangu msiba utokee. Alipotulia akaomba uji. Jioni niliambiwa na kaka zangu kwamba hata kule njiani watani wanaume walilizuia jeneza, wakidai babu aliazima jembe lao na hatazikwa mpaka walipwe. Wakapewa shilingi elfu mbili, wakaachia njia.

Kuna jambo ambalo sikuliona siku hiyo, nikaja kulijua baadaye. Wale waliozuia jeneza ndio waliochimba kaburi tangu alfajiri. Yule mama aliyevaa koti ndiye aliyepika na kuteka maji kwa siku zote tatu za matanga. Haki ya kutania huja pamoja na wajibu wa kutumika. Mtani anayekuja kuchekesha na kuondoka kabla ya kazi si mtani, ni mtu asiye na adabu tu, na wazee humwambia hivyo hivyo.

Chimbuko lake

Utamaduni hauanguki kutoka mawinguni. Huzaliwa na haja. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka bara, ikapita Unyamwezi, ikateremka hadi Bagamoyo na miji mingine ya mwambao. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walitembea kwa miguu wiki nyingi wakibeba pembe za ndovu, na ili wafike pwani iliwapasa kupita katika nchi ya Wazaramo. Fikiria hali yao: msafiri ameishiwa chakula, mwenzake ameugua, mwingine amefia njiani, na hakuna ndugu wa karibu. Nani atampa maji? Nani atamzika? Uhusiano wa utani ulijibu maswali hayo. Mtani alikuwa na haki ya kuchukua chakula shambani kwa mtani wake na wajibu wa kumzika akifa ugenini.

Njia nyingine ya kuzaliwa kwa utani ilikuwa vita. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika nusu ya pili ya karne ya 19. Leo ni watani. Vita vilipokwisha, waliokuwa maadui walibaki majirani, na ule uhasama ukageuzwa maneno ya mzaha. Badala ya mkuki, mzaha. Mimi naona hii ni miongoni mwa kazi kubwa ambazo utamaduni wowote unaweza kuzifanya, na nashangaa tunavyoipitia darasani kwa mistari miwili.

Utani umewekwa wapi katika fasihi simulizi?

Hapa wanafunzi hulalamika, na wana haki. Vipo vitabu vinavyouweka utani katika sanaa za maonyesho pamoja na ngoma na majigambo, na vipo vinavyoyaweka malumbano ya watani katika utanzu wa mazungumzo. Usihangaike kutafuta aliye sahihi. Ule msiba wa babu ulikuwa na vyote: mtendaji, hadhira, maleba (koti na kofia), mandhari, tukio na maneno yaliyotungwa papo kwa papo. Swali likikutaka uainishe, taja uainishaji unaoufuata, kisha uutetee kwa sifa hizo. Ukifanya hivyo umeonyesha pia kwamba fasihi simulizi haitenganiki na utamaduni: huwezi kumwelewa yule mama mwenye koti kama hujui nani ni mtani wa nani.

Na hadhira ndiyo inayofanya utani uwe utani. Maneno yale yale yakirekodiwa kwa simu na kusambazwa katika makundi ya mtandaoni, yanawafikia watu elfu moja wasio watani. Huko hayana koti la babu, hayana kaburi lililochimbwa, yamebaki maneno makavu kuhusu kabila la mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtusi mtu mtandaoni kwa sababu ya asili yake au kabila lake. Nakutajia hili kwa sababu mko wengi mnaoanzisha "utani" kwenye simu na kumaliza kwa visasi bwenini.

Utamaduni unapoumiza

Kama ungeishia hapo juu ungedhani kila kilichorithiwa ni chema. Sivyo. Ikiwa umesoma riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, unamkumbuka Sekai. Anajifungua mtoto mwenye ualbino baada ya kungoja uzazi kwa miaka mingi, na mila za kwao zinataka mtoto wa namna hiyo auawe. Wazee wanaohukumu wanaamini kwa dhati kwamba wanailinda jamii. Hiyo ndiyo sura ya kutisha ya utamaduni: unaweza kumfanya mtu mwema atende ubaya na alale usingizi.

Lakini angalia na upande wa pili. Anayemwokoa mtoto si mgeni aliyeleta sheria kutoka mbali. Ni mama yake, aliyelelewa katika mila zile zile, na baadaye mzee Chivero, anayempokea nyumbani kwake na kumfunza mtoto muziki. Kijiji alichokimbilia kina hofu zile zile za kijiji alichokitoka. Kinachobadilisha mambo ni watu wa ndani wanaokataa, kisha wakaishi na matokeo ya kukataa kwao. Mtahiniwa anayeandika kwamba "mila potofu zinaondolewa na serikali" amesoma nusu tu ya riwaya.

Serikali ina sehemu yake, bila shaka. Chukua ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya kuwa kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Takwimu za afya za taifa zilionyesha kuwa mwaka 1996 wanawake waliokeketwa, kati ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 18. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Sheria ilisaidia, lakini nyuma ya hizo tarakimu kuna ngariba walioweka chini visu, akina baba waliokubali binti zao waolewe bila kukeketwa, na wasichana wa umri wako waliotoroka usiku. Ipo pia miiko iliyowakataza wajawazito kula mayai katika jamii nyingi, yaani chakula chenye protini wakati ule hasa wanapokihitaji.

Basi utajuaje mila ya kutetea na ya kupinga? Nikupe swali moja la kujiuliza, nalo litakusaidia katika insha yoyote ya mada hii: nani anabeba mzigo, na je, alikubali? Katika utani mzigo hubebwa kwa zamu. Leo unanitania mimi, kesho nitakutania wewe, na msibani kwako nitachimba kaburi. Katika ukeketaji, na katika ule uamuzi uliomkabili Sekai, mzigo wote umeangukia kwa mmoja, naye ni mtoto asiyeweza kusema.

Jihadhari na majibu mawili mepesi. La kwanza husema mila zetu zote ni nzuri na utandawazi ndio umeharibu. La pili husema mila zimepitwa na wakati. Yote mawili yanamwepusha mwandishi na kazi ya kufikiri, na msahihishaji huyatambua kuanzia mstari wa kwanza.

Tujibu swali pamoja

Swali: "Utamaduni huongoza maisha ya watu." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano kutoka katika jamii unayoifahamu.

Hii ni aya kutoka katika aina ya majibu ninayoyaona mara kwa mara:

"Utamaduni hudumisha umoja. Watu hukaa pamoja na kushirikiana na kusaidiana katika shida na raha na kupendana. Hivyo utamaduni ni muhimu sana katika jamii."

Soma tena. Ondoa neno "utamaduni", weka "michezo". Aya bado inasimama. Weka "dini". Bado inasimama. Aya inayoweza kuzungumzia kitu chochote haijazungumzia kitu. Sasa linganisha na hii:

"Utamaduni huwaongoza watu namna ya kukabili msiba. Kwa mfano, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na uhusiano huo uliimarika wakati wa misafara ya biashara ya karne ya 19. Mtani hufika msibani, husaidia kuchimba kaburi na kupika, na huwachekesha wafiwa kwa kuigiza mwenendo wa marehemu. Mfiwa hakasiriki kwa kuwa amefunzwa tangu utotoni kwamba mtani ana haki hiyo. Kwa njia hii wafiwa hupata msaada wa kazi na faraja kwa pamoja."

Aya hii haina neno gumu hata moja. Ina hoja, ina mfano wenye mahali na wakati, na ina sentensi inayoeleza kwa nini utamaduni ndio uliosababisha hali hiyo: "amefunzwa tangu utotoni". Sentensi hiyo ndiyo inayojibu neno "huongoza" lililo katika swali. Watahiniwa wengi hutoa mfano kisha huhama bila kuiandika, na alama hubaki hapo.

Kumbuka pia kwamba neno "jadili" linataka pande zote. Ukiwa na hoja nne za namna utamaduni unavyoongoza kwa wema, weka moja au mbili za namna unavyoongoza kwa madhara. Onyesha na mipaka ya kauli yenyewe: utamaduni huongoza, lakini watu nao huubadilisha, kama Sekai alivyofanya.

Sasa rudia ile karatasi uliyoweka pembeni. Isahihishe mwenyewe kwa kalamu nyekundu kabla ya kufanya mazoezi yafuatayo.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha mila, desturi na miiko, kwa kutoa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka katika jamii yako.

2. "Utani ni sanaa ya maonyesho." Tetea au pinga kauli hii kwa hoja tatu.

3. Kwa kutumia riwaya mbili au tamthiliya mbili ulizosoma, onyesha namna mila zinavyowakandamiza baadhi ya wahusika na namna wahusika hao wanavyopambana nazo. (Katika tamthiliya ya Kilio Chetu, chunguza ukimya wa wazazi kuhusu elimu ya jinsia. Ukimya nao ni desturi.)

4. Eleza kwa nini maneno ya utani hugeuka matusi yanapotolewa nje ya hadhira yake.

5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu: watani wetu ni akina nani, na utani huo ulianzaje? Andika majibu yake kama alivyoyasema, bila kuyarekebisha, kisha uyatumie kuandika insha ya maneno 250. Kama mzee huyo ni babu au bibi, usingoje likizo ya Desemba.